Muulize Shangazi: Wenzangu wako mbali, kazi imelala

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanawake wasanii wanaofanya kazi na wenzao wa nchi zingine. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti, hizo zingine nimepita harakaharaka.

Shikamoo Shangazi. Mie ni mdarizi, niko Tanga. Tuko watatu, mmoja yuko Mombasa na mwingine Hamburg, huyo wa Hamburg ni Mtanzania mwenzetu ameolewa huko. Tulikutana kwenye warsha Dar tukapatana sana, tukakubaliana tufanye kazi ya pamoja, yani tunachukua kanga, mmoja anadarizi kipande alafu anampelekea mwenzie nae anaendelezea pale alipoachiwa, mpaka ikimaliza mzunguko ina mikono mitatu. Mwanzoni ilikuwa moto, grupu la WhatsApp halilali. Sasa hivi kimya, mtu akituma kitu anajibiwa kidole gumba bas. Vikao vya video tunafanya saa tatu usiku kwasababu ndo muda ambao wa Hamburg ameshatoka kazini na kumlaza mtoto, mie saa hizo nishachoka, bando nalo limeisha. Yeye ndo anaandika maombi ya ufadhili maana Kiingereza na Kijerumani anavijua vizuri, mara moja tulipata hela kidogo akatutumia mgao wetu, alibakiza ngapi sijui na sikuuliza. Kwenye bango la maonesho huko kwao jina lake lilikaa juu peke yake, sisi wawili chini kwa herufi ndogo "kwa kushirikiana na". Ni rafiki yangu wa kweli sitaki kugombana nae. Hii kazi inaweza kuendelea au kila mtu ashike lake? – *Mdarizi, Tanga*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili natafuta ni wapi umelalamikia umbali, sijapaona. Umelalamikia saa, bando, hela na jina, na hayo manne hata mngekuwa wote mnakaa Ngamiani mtaa mmoja yangewakosanisha, kwahiyo tusiisingizie bahari.

Kabla ya hayo nikuulize kitu. Kanga sasa hivi iko kwa nani? Maana kwenye barua yako yote umenieleza vikao na grupu na bango ila kanga yenyewe imepotelea njiani. Naweza kuapa imekunjwa kwenye kabati la mtu anaona aibu kusema hajaigusa tangu Ramadhani. Nyie mlianza na kitambaa kinachotembea, mkaishia kuwa watu wa vikao, na kikao hakina cha kukushika mkononi, ukikikosa hakuna kinachokusubiri mezani.

Kuna kisa cha Uingereza nakipenda sana. Miaka ya sabini Sally Gollop alihama kwenda kisiwa cha Wight, rafiki yake Kate Walker akabaki London, wote wasanii, wote wenye shughuli za nyumba zisizoisha. Wakaanza kutumiana kazi ndogondogo kwa posta, ukipokea ya mwenzio unaijibu kwa ya kwako, na zilitengenezwa kwa vile vilivyomo ndani, vitambaa, sufi, vitu vya jikoni. Hiyo ilikuwa 1975. Wanawake wengine wakasikia wakaingia, wengi wao hata hawajuani kwa sura, mwaka 1977 kazi zao zikaoneshwa London kwenye jumba la sanaa la ICA. Mtandao huo ulijulikana kama Feministo. Simu ya video hawakuwa nayo, na sidhani kama wangekuwa nayo ingewasaidia kivile, kwasababu kilichowavuta ni kile kifurushi mlangoni, umeshakipokea, unadaiwa jibu.

Kwahiyo kwanza rudisheni kitambaa barabarani, na sio kimoja. Kanga moja ikizunguka kwa watatu ina maana kila wakati wawili wamekaa tu wanangoja, na anayengoja ndo anayepoa. Anzisheni tatu kwa mpigo, kila mmoja aanzishe ya kwake, tarehe mosi zote zinahama kwenda kwa anayefuata, umemaliza hujamaliza inaondoka, hata kama umeweka mishono mitano ya mkia wa samaki na fundo. Hili la "hujamaliza inaondoka" mtalikataa mwanzoni kwasababu wadarizi mna roho ya kutaka kila kitu kiwe safi, lakini ndo linalookoa. Mama aliyeuguliwa na mtoto mwezi mzima anapitisha kitambaa bila kujieleza sana, na yule wa mbele anaona palivyoachwa wazi anajua cha kufanya.

Tanga na Mombasa hamna shida, mpe konda wa basi la Horohoro, likivuka Lunga Lunga jioni mwenzio kesha pokea, muhimu upige picha tiketi ya mzigo na namba ya gari. Hamburg ndo ngoma. Upande mmoja wa kanga ukiukunja vizuri unaingia kwenye bahasha kubwa ya kawaida, usiuweke kwenye boksi, boksi linaita maswali. Posta chukua ile huduma yenye namba ya kufuatilia. Na mjue tangu Julai 2021 nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa ule msamaha wa vifurushi vya chini ya euro 22, kwahiyo hata kidude kidogo kinaweza kudaiwa kodi kikifika, ila zawadi ya kweli ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 inapita. Kama sio zawadi msiandike zawadi, andikeni kilivyo na thamani ya kitambaa na uzi, na hiyo kodi iwe ya kapu la wote isimwangukie anayegongewa mlango na posta. Na kama kuna mtu wenu anasafiri, bora zaidi, kanga haina kilo.

Kabla haijaondoka ipigwe picha pande zote mbili. Nasisitiza mbili, maana upande wa nyuma ndo wenye ushahidi, pale unaona fundo la nani liko wapi, nani anavuta uzi akaubana sana, nani karuka kutoka ua moja hadi lingine bila kukata, mtu mwenye jicho anasoma mikono mitatu kwa dakika moja. Picha hizo zitumeni kwenye WhatsApp kama dokyumenti, mkituma kama picha za kawaida zinabanwa, siku mkitaka kuchapa bango zitatoka ukungu. Na ziwekwe sehemu ambayo wote watatu mna funguo, zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, simu zinaibiwa.

Sasa saa. Hamburg inabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwahiyo wakati wa baridi wao wako nyuma yenu masaa mawili na kiangazi lisaa limoja. Nyie hamhami. Kwahiyo kikao cha "saa tatu usiku" kwake ni saa moja jioni au saa mbili kutegemea na msimu, kwake hapo ndo anakaa na chai, kwako ndo unafunga mlango. Pendekeza Jumamosi saa nne asubuhi ya Tanga, kwake itakuwa saa mbili au saa tatu asubuhi, mpeane zamu, mwezi huu anajinyima yeye, mwezi ujao unajinyima wewe. Na video mara moja kwa mwezi inatosha jamani. Katikati tumianeni voisi, mtu anaisikiliza huku anakuna nazi, na inakula bando kidogo sana ukilinganisha na nusu saa ya kuangaliana sura na "unanisikia? nakusikia, wewe unanisikia?"

Tuje kwenye hela, ambayo umeipitia kwa sentensi moja na ndo iliyokukaa rohoni. Ulitakiwa kuuliza na bado unaweza kuuliza. Inawezekana kabisa alikata kidogo, au hakukata kitu kaongezea ya mfukoni kwasababu ada za kutuma zilimla, hujui, na kutojua ndo kunakotafuna urafiki. Anayeandika maombi anageuka bosi hata kama hajataka, mkataba una jina lake, hela inaingia akaunti yake, ripoti anadaiwa yeye, akikosea kodi ya huko ni yake. Hiyo ni kazi na ilipwe, isipolipwa wazi itajilipa kimyakimya. Lakini na wewe bando lako ni gharama ya mradi, uzi, nauli ya kwenda posta, umeme, na ule muda wa kumwelezea mwenzio kwa voisi maana ya jina la kanga ili yeye akaliandike kwa Kijerumani kwenye fomu, hiyo nayo ni kazi, mara nyingi hakuna anayeihesabu.

Andikeni karatasi moja kabla ya ombi lijalo. Tuseme zinaingia euro 1,000, kwanza zinatoka gharama za wote watatu kwa risiti, posta, nyuzi, bando, ada za kutuma hela, hapo labda 250. Alafu fungu la aliyeandika na kusimamia, tuseme 150, limetajwa wazi. Iliyobaki 600 mnagawana mia mbili mia mbili. Kuna watakaosema wa Hamburg maisha ghali kwahiyo achukue zaidi, wengine watasema wa nyumbani hana mshahara kwahiyo azidishiwe, mie msimamo wangu sindano ni ileile mlipwe sawa. Mkiamua vingine sawa, mradi mmeamua kabla hela haijaingia, ikishaingia kila mtu ana mahitaji.

Jina. Watu wa maonesho wanapenda jina moja kwasababu wamezoea kuuza mtu mmoja, inawezekana rafiki yako hata hakuliona bango mpaka limebandikwa. Mpatieni kundi jina lenu la pamoja litakalokaa juu, chini yake majina matatu kwa herufi za ukubwa mmoja, kila onesho mzungushe nani anatangulia, na hilo liwe kwenye barua ya kwanza kabisa kwa mwenye ukumbi. Na anayefunguliwa mlango anaweza kuamua kuingia na wenzie. Mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar 1954, alipopata nafasi palepale ICA mwaka 1985 aliingia na wenzie, jumla wasanii 11 wanawake weusi na wa asili ya Asia, kina Sonia Boyce na Claudette Johnson, kazi zao zikaning'inizwa kwenye korido, ndio, korido, ukumbi mkubwa hawakupewa, lakini wote 11 walikuwepo kwa majina yao. Yeye mwenyewe alikuja kupata tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 na sioni kama kuwabeba wenzie kulimpunguzia.

Kwenye hiyohiyo karatasi ongezeni, kanga zikikamilika zinakaa kwa nani, nani anaruhusiwa kuuza na kwa ridhaa ya nani, mmoja akitaka kuonesha peke yake aseme nini, na mmoja akichoka akaondoka kazi alizoshika zinakuwaje. Haki miliki mnayo tayari hata bila kujisajili, Tanzania, Kenya na Ujerumani zote ziko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki miliki, ila kazi ya watu watatu bila maandishi ni kesi inayosubiri tarehe. Kujisajili kwenye ofisi za haki miliki, COSOTA kwako na KECOBO kwa wa Mombasa, sio vibaya.

Na rafiki yako mwanzie wewe, kwa voisi, sio kwenye grupu. Mwambie kitu kama hiki: "Dada, kanga zetu nimezikumbuka. Nataka tuanzishe tatu kwa mpigo. Na kabla ya ombi lijalo naomba tukae tuandike hesabu na majina, maana ile ya mwanzo sikuelewa ikanikaa, na kosa la kunyamaza lilikuwa langu." Alafu nyamaza umsubiri. Usiongeze voisi ya pili ya kulainisha ya kwanza.

Asalaam aleikum Shangazi. Naimba taarabu, nipo Unguja, rafiki yangu anapiga fidla yupo Muscat, wazee wake walitoka huku. Tukijaribu kupiga pamoja kwenye video inagongana vibaya, yeye anasema mie nachelewa mie nasema yeye. Tunataka pia kumuongeza dada mmoja wa Moroni anaimba vizuri sana ila naogopa tukizidi kundi litavunjika. – *Mwimbaji, Unguja*

Waaleikum salaam mwanangu. Hakuna anayechelewa, inachelewa intaneti. Masikio ya wanamuziki yanaanza kusumbuka sauti ikichelewa kama milisekunde 30 hivi, simu ya video ya kawaida inapitisha hapo mbali sana. Acheni kupiga kwa pamoja, rekodini kwa zamu. Wengi watawaambia muanze na mdundo wa mashine masikioni, kwa taarabu mie siupendi, unakausha ule mwendo wa kuyumba. Anzeni na mpiga dumbak wenu hapo Unguja arekodi wimbo mzima, wewe uimbe juu yake sauti ya kuongozea, mtume Muscat, yeye apige fidla akiwasikiliza kwa hedifoni, arudishe fidla peke yake bila nyinyi ndani, alafu wewe urudie kuimba vizuri juu ya fidla maana sasa ina cha kukujibu. Kila rekodi ianze na kofi moja pale wimbo unapoanzia ili fundi azipange. Mafaili yawe WAV, yasiyobanwa, na kwenye kipimo cha kurekodi (sample rate) wote muweke 48 kHz, mmoja akiweka 44.1 na programu isiligundue hilo, fidla itapanda sauti na mtalaumiana tena. Na msitumiane kwa voisi, ile imebanwa, tuma kama dokyumenti au linki. Masaa hayana shida, Muscat wako mbele yenu lisaa limoja tu mwaka mzima.

Dada wa Moroni mkaribisheni. Kundi la waimbaji wanawake la Les Amazones d'Afrique lilianzia Bamako, Mali, 2014 na Mamani Keïta, Oumou Sangaré na Mariam Doumbia, albamu ya kwanza ikatoka 2017 ikiwa na sauti za nchi kadhaa, Angélique Kidjo wa Benin, Nneka wa Nigeria, na toka hapo waimbaji wameingia na kutoka, kundi lipo. Nyie mkijifunga kwamba bila mmoja hakuna kundi, siku akipata mtoto mmefunga duka.

Shangazi, mimi ni mchoraji Kisumu. Niko na wenzangu wawili, mmoja Kampala mwingine Lyon. Tulipata nafasi ya kuonyesha kazi Ufaransa nikanyimwa viza, pesa ya viza imeenda, mwenzangu wa Kampala akaogopa hata ku-apply. Wa Lyon anasema ataenda peke yake atuwakilishe. Nimevunjika moyo kabisa. – *Mchoraji, Kisumu*

Pole sana mwanangu. Viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90, ukikataliwa hairudi, na hiyo ndo sababu sipendi mradi wowote ambao pumzi yake yote iko kwenye kusafiri kwa mnyonge. Geuzeni njia. Mwenye pasi ya Ufaransa aje, wewe na wa Kampala mnavuka Busia kwa kitambulisho cha taifa tu bila pasi, hiyo ipo kati ya Kenya, Uganda na Rwanda toka 2014. Hela ya tiketi mbili za kwenda Ulaya ikigeuzwa ikawa tiketi moja ya kuja huku inabaki chenji ya wiki mbili za kuchora pamoja Kisumu na kula samaki.

Ila onesho la Lyon lisiachwe, na asiende "kuwawakilisha", hilo neno silitaki. Machi 14, 1979 msanii wa Marekani Suzanne Lacy alifanya kitu San Francisco, ile siku ya kufungua kazi kubwa ya rafiki yake Judy Chicago iitwayo The Dinner Party (karamu ya jioni) pale makumbusho ya sanaa, aliwaomba wanawake wa nchi mbalimbali waandae chakula cha jioni usiku huohuo popote walipo kumheshimu mwanamke wa kwao, alafu watume telegramu. Yeye yuko makumbusho anazipokea na kubandika alama kwenye ramani kubwa ya dunia. Hakuna aliyehitaji kibali cha mtu. Fungueni siku moja miji mitatu, Lyon ukuta mmoja, Kampala ukuta mmoja, Kisumu hata kama ni ukumbi wa kanisa au baraza ya duka la rafiki yako, kila ukuta una kazi za wote watatu, asili moja na mbili zilizochapwa. Mafaili ya kuchapa yawe nukta 300 kwa inchi kwa saizi kamili, na wachapaji wapewe kipande cha rangi cha kulinganisha maana bluu ya Kisumu ikichapwa Lyon bila kipimo itageuka zambarau. Mwenye ukumbi wa Lyon aambiwe mapema kwamba ni onesho la miji mitatu, aliandike hivyo kwenye karatasi zake.

Kingine, barua ya kukataliwa itunze. Ina sababu imetiwa tiki, mara nyingi inahusu uthibitisho wa kwamba utarudi au hela za kujikimu, ombi lijalo mtajua pa kujazia, na ukipata ya kwanza ukarudi kwa wakati, ya pili inakuwa rahisi kidogo.

Shangazi shikamoo. Mume wangu hapendi mie kuongea na "watu wa nje" kila Alhamisi usiku. Tunaandika na wenzangu wa Bujumbura na Toronto hadithi za kusikiliza za watoto. Anasema kama ni kazi mbona haina mshahara. – *Mama wawili, Morogoro*

Marahaba. Baba watoto swali lake la mshahara sio baya, nakushauri ulijibu kwa daftari, lini mlianza, mmemaliza hadithi ngapi, mnataka kuzipeleka wapi na lini, akiona kuna mwisho atatulia. Siku moja mpe aigize sauti ya fisi, nina maana kabisa, wanaume wengi wanapinga kile walichofungiwa mlango. Na huo muda ubadilisheni, Toronto wako nyuma yako masaa manane baridi na saba kiangazi, kwahiyo saa kumi na moja jioni ya Morogoro kwake ni saa tatu au saa nne asubuhi, watoto wako bado wanacheza nje na Bujumbura ni lisaa limoja nyuma yako tu, wote mko macho. Ila huko Toronto saa wanabadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, wiki hizo mbili kila mwaka kuna mtu lazima ataingia kwenye kikao akute hamna mtu.